Joto la Butembo kwenye termometre ya pikipiki

Siku ya kuniaga, Chef Paluku, mukubwa wa uwanja, alisimama na chupa ya sukre, ile soda, mukononi, akasema: "Mama Neema amefanya miaka nane ku uwanja wetu wa ndege bila shida hata moja." Batu bakapiga makofi. Mimi nikaweka chupa yangu ku mudomo haraka, juu ya sababu kama mudomo ungebaki wazi ningemujibu mbele ya bapadri balioalikwa. Bila shida hata moja. Yeye mwenyewe njo alinishusha toka ndani ya ndege, na mutoto mukononi anahema sawa firimbi. Donc hii ni jibu yangu, na ninaiandikia nyinyi batatu munaobaki ku bureau. Mambo ya grade na mushahara mutayasoma mu dosye yangu, iko ndani ya armoire, kama panya zimebakisha kitu. Mimi nitawaambia juu ya termometre.

Najua munacheka. Mutu wa miaka makumi tatu na moja anaandika sawa muzee wa pension. Mucheke. Niko na batoto batatu, wa ine iko njiani, barabara zimefunguliwa, na uwanja sasa uko na termometre ya kweli ndani ya kisanduku cheupe cha mbao. Nimechoka na nimeacha. Mais ile kisanduku kitavunjika siku moja, nawajua, na siku ile mutarudi ku pikipiki. Ni muzuri mujue inadanganya namna gani.

Niliingia kazi mwanzo wa uasi. Nilikuwa na diplome yangu ya secondaire na pull-over mupya ya sufu, nikadhani nitakaa ku meza. Siku ya kwanza meza haikukuwa. Wakati waasi baliingia, batu balipora uwanja: viti, phonie moja kati ya redio zetu mbili, hata mulango ya choo. Termometre ya zamani nayo ilienda. Aliyeibeba sijui aliifanya nini nayo. Labda anapimia kasiksi, ile pombe ya ndizi.

Kama hamujui juu ya nini ndege inataka kujua joto, musikilize, juu mimi nilifanya mwezi muzima bila kujua na nikaona haya kuuliza. Uwanja wetu ni mufupi, na uko juu ku mulima. Hewa ya baridi ni nzito, inashikilia ndege muzuri. Hewa ya joto ni nyepesi, ndege inakimbia, inakimbia, na piste, njia yake ya kurukia, inaisha. Pilote anauliza joto, anaangalia karatasi yake, anajua atabeba uzito gani. Joto likipanda, mutu anashuka. Na anayeshuka ni yule wa mwisho ku liste. Barabara ya Beni ilikuwa inafungwa na kufunguliwa sawa dirisha, ile ya Kanyabayonga vilevile, na ndege ndogo njo ilikuwa njia moja tu ya mugonjwa kutoka Butembo. Kushushwa haikukuwa mambo ya kuchelewa tu.

Pikipiki tuliipata kwa bahati ya mutu mwingine mubaya. Muzungu mumoja alikuwa anazunguka Afrika nayo, akafika Butembo wiki moja na waasi. Aliruka na ndege ya kwanza, pikipiki ikabaki ku hangar. Ilikuwa ya safari ndefu kweli: kubwa sawa ng'ombe, kioo mbele, masanduku mbili ya chuma pembeni, na ku guidon, pale pa kushika, saa ndogo yenye mushale, ya kuonyesha joto la hewa. Kutoka ile saa waya ilishuka mpaka chini ya tangi, na mwisho wa waya kulikuwa kidude cha chuma, kidogo sawa punje ya muhindi. Ile punje njo inasikia joto. Saa inasema tu yenye iliambiwa.

Chef alifurahi. "Pikipiki na termometre pamoja," akasema. "Mungu haachi batu yake."

Kazi yangu ikakuwa hivi. Ndege ikisikika, ninapanda pikipiki, ninakimbia piste muzima kwenda na kurudi mara tatu kufukuza mbuzi, kisha ninaisimamisha ku mulango wa bureau, mbele ya ukuta wa mabati, ku jua. Ninaingia kuchukua daftari. Ninatoka, ninasoma saa, ninaandika, ninapigia phonie. Makumi tatu na moja. Makumi tatu na tatu. Siku zingine makumi tatu na ine. Naandika na maandishi yangu ya shule, mazuri sana.

Siku moja operateur wa Beni alisikia namba yangu hewani. "Butembo, rudilia. Makumi tatu na ine?"

"Makumi tatu na ine."

"Sisi huku Beni tuko na makumi mbili na nane, na tunalia. Nyinyi mumehamisha mulima?"

"Papa, soma yako, mimi nasoma yangu."

Nilizima phonie na hasira. Nilikuwa nimevaa pull-over.

Yule aliyeona kwanza ni Papa Ramadhani. Alikuwa fundi wa malori ya batransporteur wa Beni, kwabo ni huko, ku commune ya Ruwenzori, na barabara ilipofungwa akakwama Butembo na sanduku ya vyombo vyake. Chef akamuita aangalie pikipiki. Mutu wa maneno kidogo. Alikuwa anaweka kila ufunguo ku kitambaa, kwa kufuata ukubwa, na ukichukua moja bila kurudisha mahali pake hasemi kitu, anakuangalia tu mpaka unarudisha. Nilijifunza kwake kuliko miaka sita ya secondaire.

"Mutoto yangu," akaniuliza siku ile, kichwa chini ya tangi, "kwa nini umevaa pull-over?"

"Baridi, Papa."

"Na daftari yako inasema nini leo?"

Nikaangalia. Makumi tatu na tatu. Nikafunga daftari.

Akashika mukono yangu, akauleta chini ya tangi, karibu na ile punje ya chuma. Nikauvuta mbio, nilikuwa karibu kuungua. Injini ilikuwa hapo hapo, upana wa vidole vinne.

"Hii haipimi Butembo," akasema. "Hii inapima magoti yako."

Akanieleza akiwa anakaza vis, zile skrubu. Yule muzungu alikuwa anasoma saa yake akiwa anakimbia, na upepo wa mbele unatupa joto la injini nyuma. Hata hivyo aliifunga mahali pabaya, mais akikimbia haidanganyi sana. Sisi tunapasha injini na mbuzi, tunaisimamisha ku jua mbele ya mabati, tunangoja mpaka joto lote lipande, halafu njo tunasoma. "Ni sawa kupima homa ya mutu na kijiko ulichotoa ku moto," akasema.

Nilienda kwa Chef. Nataka muelewe huyu mutu, haikuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu wa karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mama Neema, tukisema joto liko juu, ndege inabeba kidogo. Ikibeba kidogo, inaruka salama. Kosa hili liko upande muzuri. Wacha hivyo."

Na mimi nikaacha. Hii mahali nataka musiruke. Nilijua, na niliacha, karibu mwaka muzima. Nilikuwa nashusha batu na sauti nzuri ya bureau: "Pole, mama, ni joto." Bamama wenye bandeji, bazee wenye kukohoa, banarudi ku njia na mifuko yabo, na mimi ninaingia kunywa chai juu nasikia baridi. Upande muzuri. Kwa nani?

Kisha ikafika siku yangu.

Neema alikuwa na mwaka moja na nusu. Nilikuwa nachagua maharagi ku Vulamba, nyumbani, yeye anacheza pembeni ya ungo, akaweka haragi moja mu kinywa, akacheka, ikaingia vibaya. Alikohoa mpaka akakuwa rangi ya majivu. Kisha akatulia, na nikashukuru, sikujua kitu. Jioni ile ile kifua kikaanza kupiga firimbi. Asubuhi daktari aliweka chombo chake ku mugongo wa mutoto, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule.

"Haragi iko ndani ya njia ya pumzi," akasema. "Kuitoa inaomba chombo chenye hatuna. Inanyonya maji, itavimba. Umupeleke ng'ambo, Entebbe. Usingoje kesho."

Bwana yangu alikuwa amekwama Beni, barabara imefungwa. Kulikuwa ndege ya saa sita ya mchana. Nikaandikisha jina. Na hapa kulikuwa sheria ya uwanja wetu, yenye sisi wenyewe tuliipitisha juu batu basiseme tunajipendelea: agent wa uwanja anaandikwa mwisho ku liste. Nikaandikwa mwisho.

Na juu nilikuwa ku kazi, na mutoto mugongoni, nikafanya kazi. Nilifukuza mbuzi. Nikasimamisha pikipiki ku mulango. Nikasoma, nikaandika, nikapigia pilote: makumi tatu na ine. Mukono ulifanya, kichwa kilikuwa ku kifua ya mutoto. Sikufikiri hata kidogo.

Pilote alikuwa Kapteni Athumani, mutu wa Mombasa, anasema ile Swahili ya redio. Tulikuwa tumeshapanda. Akatoa karatasi yake, akapitisha kidole, akageuka. "Ndugu zangu, samahani sana. Kwa joto hili, mtu mzima mmoja itabidi ashuke."

Chef akasoma liste mbele ya mulango wa ndege, na sauti ile ile nzuri. "Wa mwisho. Mama Neema."

Nilishuka. Miguu ilishuka, mimi nilikuwa bado ndani. Nikasimama ku majani na Neema anapiga firimbi ku sikio yangu, upepo wa mulima unanipiga, baridi inaingia mpaka mu mifupa.

"Chef," nikasema, "hii ni makumi tatu na ine?"

"Mama Neema, ni maandishi yako."

Ilikuwa kweli, na njo ilinipandisha hasira kuliko kitu chote. Nilimuambia maneno yenye sitaandika. Kisha nikazunguka mbele ya ndege, nikapiga ku dirisha ya pilote na mukono muzima.

"Kapteni. Umevaa koti."

"Naam, dada?"

"Wewe ni mutu wa Mombasa. Ku makumi tatu na ine, kwenu, munavaa koti?"

Akaangalia koti yake sawa mutu mwingine njo alimuvalisha. Akashuka. "Unalosema naliona," akasema. "Lakini siwezi kupima hewa kwa koti, dada. Nipe namba."

"Nipe robo saa."

Nikampa Chef mutoto. Sikumuomba, nilimupa. "Shika." Alimushika sawa sanduku ya mayai, na Neema akaweka kichwa ku shati yake, juu alikuwa amechoka hata kulia.

Nilichomoa ile punje chini ya tangi, nikapasua ukingo wa kitenge, nikaifunga mbele kabisa, chini ya taa, mahali pa kivuli, mbali na injini na mbali na chuma. Nikamuambia Kapteni apande nyuma. "Mimi sitasoma," nikasema. "Soma wewe, juu ya bega yangu. Mimi natazama mbuzi."

Tukaenda. Gia ya pili, bila haraka. Nilikuwa nasikia sauti yake ku sikio: "Thelathini na moja. Ishirini na tisa. Inashuka. Ishirini na saba." Tukageuka mwisho wa piste, tukarudi. "Ishirini na tano." Tukaenda tena. "Ishirini na nne. Imesimama. Nne. Nne." Tukageuka. "Rudia," akasema. Nikarudia. Ine tu.

Nilidhani imeisha. Mais pilote mwenye akili ni mutu wa kuchokesha. "Sasa nitajuaje kama saa yenyewe ni mkweli?" akauliza. Alikuwa ameleta sanduku ya barafu na dawa za hospitali. Akavunja barafu kidogo ndani ya kikombe, akatia maji, akakoroga, tukatumbukiza ile punje, tukangoja. Barafu yenye kuyeyuka ni zero, hata mu Mombasa, hata mu Butembo. Mushale ukashuka, ukasimama ku mbili.

"Inazidisha mbili," akasema. "Joto lenu ni ishirini na mbili. Mimi nitaandika ishirini na nne, hizo mbili nibaki nazo mfukoni." Akaangalia karatasi yake. "Kwa ishirini na nne, mama na mtoto wanaingia."

Nikaenda kuchukua Neema. Chef hakunipa mara moja. Alikuwa ameinamisha sikio ku kifua ya mutoto.

"Mama Neema," akasema, "anapiga firimbi."

"Najua, Chef."

"Toka asubuhi?"

"Toka jana."

Akanipa. "Panda," akasema, na akafunga mulango wa ndege yeye mwenyewe.

Haragi ilitoka. Ilikuwa imevimba, ngozi imepasuka. Daktari wa kule alinipa ndani ya kitambaa cha hospitali, nikaitupa ku poubelle ya takataka, ku korido. Neema sasa iko shule, anakula maharagi sawa hakuna kilichofanyika.

Niliporudi, nikakuta ku meza demande d'explication, barua ya kujieleza: kwa nini nimehamisha chombo cha huduma bila ruhusa. Nilijibu musitari mumoja. "Nilikihamisha kwa sababu kilikuwa mahali pabaya." Chef akapiga cachet, muhuri yake, akaifungia mu dosye, na hakuna mutu aliyerudisha ile punje chini ya tangi.

Sasa namna ya kufanya, muandike. Punje ikae mbele, chini ya taa. Papa Ramadhani aliivalisha kipande cha tuyau nyeupe, bomba ya plastiki, wazi pande zote mbili, juu jua lisiiguse na upepo upite. Kusoma ni wakati unakimbia tu. Ukisimama, usisome, hata Chef anapiga kelele ku dirisha. Kwenda na kurudi, na namba inapaswa kusimama mara mbili. Usifuate nyuma ya lori, utapima moshi wake. Kila mwezi barafu, ya mama muuza samaki ku Vulamba, mumusalimie. Toa mbili. Na musilete termometre ya homa ya dispensaire kulinganisha. Chef alileta siku moja. Ile haianzi chini ya makumi tatu na tano, donc ilikaribiana kabisa na daftari yetu ya zamani, na Chef akafurahi siku mbili.

Na mvua. Hii ni mbaya kuliko injini, juu inadanganya upande mwingine. Mvua ikikatika, jua likitoka, punje ikiwa bado na maji, ukikimbia nayo inapoa sawa mutungi, na inakupa baridi yenye haiko. Siku ya kwanza nilipata kumi na ine, nikafurahi, nikataka kupigia pilote apandishe batu bote. Papa Ramadhani akachovya kidole yangu mu maji, akanipulizia. "Baridi?" "Baridi." "Bureau imekuwa baridi?" Akapangusa punje na shati yake. Ikakuwa kumi na tisa. Hiyo siku niliona kosa halina upande muzuri. Huku unaacha mugonjwa ku majani, kule unaweka batu wote ku bonde mwisho wa piste.

Nitamaliza na mama mumoja, juu bila yeye mutadhani nawafundisha ujanja wa kupandisha batu.

Alikuja kwa miguu toka upande wa Kanyabayonga, siku nyingi, na mutoto mwenye jicho limevimba sawa ngumi. Ilikuwa kiangazi, saa tisa mchana, hakuna upepo. Alikuwa wa mwisho ku liste. Nilikimbia piste kwenda na kurudi. Makumi mbili na tisa, toa mbili, makumi mbili na saba. Nikarudia. Nikarudia tena, na nilikuwa nasema na ile mushale sawa mutu: shuka, shuka kidogo. Niliangalia kama mvua inakuja. Kutoka ku pikipiki hakuna aliyekuwa anaona saa isipokuwa mimi. Ningeandika makumi mbili na ine, na yule mama angebaki ndani ya ndege.

Nikaandika makumi mbili na saba. Akashuka.

Nilimufuata ku majani kumueleza, hewa, uzito, piste. Aliniacha niseme yote.

"Wewe uko na mutoto?" akauliza.

"Babili."

"Balishakushushaka nabo?"

"Na mumoja. Mara moja."

"Ukakubali?"

"Hapana."

"Basi usiniambie mimi nikubali."

 Nilienda kwa Chef, nikamuambia kesho ndege ianze saa kumi na mbili asubuhi, wakati hewa ni nzito, na yule mama awe wa kwanza ku liste, sheria ao hapana sheria. Chef akafungua liste. Kisha akatoa kalamu, akaandika jina yake juu kabisa, mwenyewe.

Asubuhi nilifukuza mbuzi na mukono umekufa baridi. Kwenda kumi na sita, kurudi kumi na sita. Bote balipanda, na nafasi ikabaki. Yule mama alipita mbele yangu na mutoto mugongoni, hakunisalimia, alikuwa na haki yake. Nilingoja ndege ivuke bonde. Kisha nikafungua daftari, nikatoa mbili, nikaandika kumi na ine, na ku kolone ya observations, ya maoni, yenye hakuna mutu anasomaka, nikaandika: mama wa jana ameenda.